Sheria, Kasta na Kazi ya Usafi nchini India: Kutoka Choo Kikavu hadi Mfereji wa Maji Taka

Ikisiri

Makala hii inafafanua kwa nini kazi ya kuzoa kinyesi cha binadamu kwa mikono imeendelea nchini India licha ya kupigwa marufuku na sheria mbili, ya mwaka 1993 na ya mwaka 2013. Hoja kuu ni kwamba tatizo hilo lilishughulikiwa kwanza kama suala la vyoo, ilhali chimbuko lake ni uhusiano wa kasta. Kwa sababu hiyo, aina ya vyoo ilipobadilika, kazi ilihama mahali pake lakini haikuhama jamii inayoifanya.

1.0 Utangulizi

Kasta ni tabaka ambalo mtu huzaliwa ndani yake, huoa au kuolewa ndani yake na, kwa karne nyingi, alirithi humo kazi ya wazazi wake. Chini kabisa ya mfumo huo waliwekwa watu ambao kuwagusa kulihesabiwa kuwa ni kupata unajisi. Wengi wao leo hujiita Wadalit. Sheria huzitambua jamii zao kwa jina la Kasta Zilizoorodheshwa, na katika sensa ya mwaka 2011 zilikuwa asilimia 16.6 ya watu wote wa India. Ndani ya kundi hilo zimo jamii, kama vile Wavalmiki wa kaskazini, ambazo mila iliziachia kazi ya utopasi: kukwangua kinyesi katika vyoo vikavu, yaani vyoo visivyo na maji wala shimo, kukitia katika kikapu au ndoo, na kukibeba hadi jaani.

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 ilifuta desturi ya kutoguswa kupitia Ibara yake ya 17. Hata hivyo, kazi iliyokuwa alama kuu ya desturi hiyo haikutajwa humo, na ilipita miaka 43 kabla ya Bunge kuitungia sheria mahususi.

2.0 Mitazamo Miwili Kuhusu Kazi ya Topasi

Mjadala wa suala hili ulitangulia uhuru. Mohandas Gandhi aliusafisha uchafu kwa mikono yake na kuwataka wafuasi wake wafanye hivyo. Kwake, dosari ilikuwa katika dharau ya jamii. Kazi yenyewe aliiona kuwa utumishi wenye heshima. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii ya Wamahar iliyohesabiwa kuwa najisi na ambaye baadaye aliongoza kamati ya kuandika rasimu ya Katiba, aliupinga mtazamo huo. Katika maandishi yake, hasa Annihilation of Caste ya mwaka 1936, alionesha kwamba kasta haiangalii uwezo wala hiari ya mtu. Huwapanga watu kwanza katika ngazi za juu na za chini, kisha huwagawia kazi kwa kuzaliwa. Kwa mantiki hiyo, kumsifu topasi bila kumfungulia njia ya kuiacha kazi hiyo ni kumpamba mfungwa bila kumfungua.

Tofauti hiyo ina uzito hadi leo. Anayefuata mtazamo wa kwanza huona suluhisho katika vifaa bora na heshima kwa mfanyakazi. Anayefuata wa pili huuliza kwanza kwa nini mfanyakazi huyo hutoka katika jamii ileile kizazi baada ya kizazi.

3.0 Sheria ya Mwaka 1993 na Mipaka Yake

Sheria ya mwaka 1993 ilikataza kuwaajiri wazoaji wa kinyesi na kujenga vyoo vikavu. Msingi wake ulikuwa afya ya umma na usafi, eneo ambalo kikatiba liko chini ya mamlaka ya majimbo. Hivyo, ilihitaji kuridhiwa na jimbo moja baada ya jingine, na baadhi yalichelewa kwa miaka mingi. Aidha, mara nyingi mwajiri wa mazoa hayo alikuwa halmashauri au taasisi ya umma, yaani chombo kilekile kilichotarajiwa kuisimamia sheria. Sensa ya mwaka 2011, miaka 18 baada ya marufuku, bado ilihesabu vyoo 794,390 ambavyo kinyesi chake kiliondolewa na binadamu.

Shinikizo kubwa lilitoka kwa waathirika wenyewe. Shirika la Safai Karamchari Andolan, linaloongozwa na Bezwada Wilson, mzaliwa wa familia ya matopasi katika jimbo la Karnataka, lilifungua shauri katika Mahakama ya Juu ya India mwaka 2003. Katika maeneo mbalimbali, wanawake waliokuwa wakifanya kazi hiyo waliteketeza vikapu vyao hadharani. Kitendo hicho kilikuwa na maana zaidi ya kuacha ajira: kilikuwa kukataa urithi.

4.0 Kazi Inapohamia Chini ya Ardhi

Vyoo vikavu vilipopungua, vyoo vya maji vyenye matangi na mifereji vilienea. Lakini matangi hujaa na mifereji huziba. Mtu wa kushuka ndani yake alitafutwa kulekule alikotoka mbeba kikapu. Sura ya mateso ndiyo iliyobadilika. Katika vyoo vikavu wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, na madhara yalikuwa maradhi na fedheha ya kila siku. Katika matangi na mifereji wengi ni wanaume, na hatari ni kifo cha ghafla, kwani gesi kama haidrojeni salfaidi humpoteza mtu fahamu kabla hajapata kupanda. Mara nyingi anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa pamoja naye.

Imani ya unajisi inagusa pia vyoo vya vijijini. Kampeni ya Swachh Bharat, iliyoanza tarehe 2 Oktoba 2014, ilijenga zaidi ya vyoo milioni 100 katika miaka mitano. Hata hivyo, Diane Coffey na Dean Spears, katika kitabu Where India Goes cha mwaka 2017, wanaeleza kwamba familia nyingi za vijijini zilisita kutumia vyoo vya mashimo madogo. Shimo likijaa litahitaji kupakuliwa, na kulipakua huhesabiwa kuwa kazi ya kasta ya chini.

5.0 Sheria ya Mwaka 2013 na Suala la Hesabu

Sheria ya mwaka 2013 ilipiga hatua ya kifikra: ilikiri kwamba kuna dhuluma ya kihistoria inayopaswa kurekebishwa, na ilijumuisha usafishaji hatarishi wa matangi na mifereji. Adhabu ya kosa la kwanza la usafishaji huo ni kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini isiyozidi rupia laki mbili, au vyote viwili. Tarehe 27 Machi 2014, mahakama iliagiza familia ya kila aliyefia humo tangu mwaka 1993 ilipwe rupia laki 10. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi laki 30.

Udhaifu umo katika fasili. Anayefanya kazi akiwa na vifaa vya kinga hahesabiwi kuwa mzoaji wa kinyesi. Aidha, serikali imeliambia Bunge kwamba hakuna vifo vilivyotokana na uzoaji, huku ikikiri vifo katika matangi na mifereji. Kwa mgawanyo huo wa maneno, takwimu za uzoaji husomeka sifuri ilhali mazishi yanaendelea. Takwimu za serikali yenyewe zinaonesha uhusiano wa mambo hayo na kasta: kati ya wazoaji 58,098 waliotambuliwa katika tathmini za mwaka 2013 na 2018, kasta ilijulikana kwa watu 43,797, na 42,594 kati yao, takriban asilimia 97, walitoka katika Kasta Zilizoorodheshwa.

6.0 Hitimisho

Mabadiliko yapo na hayapaswi kubezwa. Vyoo vikavu vimepungua sana, mahakama imetambua haki ya fidia, na mashine za kusafisha chemba, ikiwamo roboti ya Bandicoot iliyobuniwa Kerala, zimeanza kutumika. Hata hivyo, historia iliyofafanuliwa hapa inaonya kwamba mashine peke yake inaweza kuihamisha kazi tena bila kumhamisha mfanyakazi. Msaada wa mara moja wa rupia 40,000 uliotengwa kwa kila mzoaji aliyetambuliwa hauwezi kushindana na mlango wa ajira unaofungwa pindi jina la ukoo linapotajwa. Kigezo cha kupima mafanikio, kwa hiyo, kisiwe idadi ya vyoo vilivyojengwa wala mashine zilizonunuliwa, bali kazi wanazofanya watoto wa matopasi wa jana.