Uraibu wa Siri Miongoni mwa Madaktari

Katika Afrika ya Mashariki sura ya mraibu wa dawa za kulevya imefungamana na maskani, vichochoro na kijana aliyeacha shule, kiasi kwamba mtu avaaye koti jeupe, anayewahi zamu na kulipa karo za wanawe kwa wakati, hashukiwi hata kidogo. Hata hivyo uraibu, yaani maradhi ya ubongo yanayomsukuma mtu kuendelea kutumia dawa ilhali anayaona madhara yake, hauzuiwi na cheti wala cheo, na miongoni mwa wenye taaluma walio hatarini zaidi ni madaktari na wauguzi, hasa wataalamu wa nusukaputi, ule usingizi mzito anaotiwa mgonjwa ili afanyiwe upasuaji, kwa kuwa dawa zenye nguvu kubwa hupita mikononi mwao kila siku.

Mfano ulioandikwa kwa kina kuliko mingine ni wa William Stewart Halsted, daktari wa upasuaji aliyezaliwa New York mwaka 1852. Mwaka 1884, baada ya Carl Koller wa Vienna kuonyesha kwamba matone ya kokeini huondoa hisia katika jicho, Halsted na wenzake walianza kujidunga dawa hiyo karibu na mishipa ya fahamu ili kutafuta namna ya kutia ganzi sehemu moja tu ya mwili. Njia hiyo ilifaulu na ingali inatumika leo kwa dawa nyingine, lakini wao wenyewe walinaswa, na baadhi yao hawakunasuka tena. Halsted alilazwa katika hospitali ya Butler mjini Providence mwaka 1886, na katika miaka hiyo mofini ilishika nafasi ya kokeini. Ni mtu huyohuyo ambaye baadaye, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, aliingiza glovu za mpira katika chumba cha upasuaji, akaendeleza upasuaji wa saratani ya matiti na wa ngiri, na kuasisi mfumo wa kuwalea madaktari bingwa ndani ya hospitali. Mwenzake, William Osler, aliiandika siri hiyo katika kumbukumbu iliyobaki imefungwa hadi mwaka 1969, miaka 47 baada ya kifo cha Halsted: kwamba kwa muda mrefu hakuweza kushusha kipimo chini ya takribani miligramu 200 za mofini kwa siku, na kwamba kwa kipimo hicho aliimudu kazi yake.

Wapo wanaoisoma habari hii kama ushahidi kuwa mtu mahiri anaweza kuishi na mofini bila hasara. Usomaji huo haukubaliki, kwani Halsted alijulikana kwa kutoweka Baltimore kwa miezi mingi kila kiangazi na kuwaachia wasaidizi wake sehemu kubwa ya upasuaji, na waliomzunguka walilichukulia jambo hilo kuwa tabia ya mtu mwenye kipaji.

Sababu ya siri kudumu hivyo imo katika namna dawa zenyewe zinavyofanya kazi. Mofini, pethidini na fentanili ni za jamii ya afyuni, nazo hushika vipokezi, yaani sehemu maalumu za seli za ubongo na uti wa mgongo ambazo kwa kawaida hupokea kemikali za kutuliza maumivu zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Kadiri siku zinavyopita mwili hujenga ustahimilivu, hali ambayo kipimo kilichotosha jana hakitoshi leo, na dawa ikikosekana huja arosto: jasho, miayo, kuhara, maumivu ya viungo na wahaka usiovumilika. Akifika hapo mtumiaji hatafuti tena raha. Hujidunga ili aweze kusimama wima mbele ya mgonjwa, na mara tu baada ya kujidunga huonekana mzima kuliko alivyokuwa saa moja kabla. Kwa daktari, kazi huwa ndicho kitu cha mwisho kuharibika, kwa kuwa kazini ndiko dawa iliko: ndoa huyumba kwanza, fedha hupotea, marafiki hukwepwa, huku zamu zikiendelea kujazwa.

Kwa hiyo dalili zenyewe hufanana na bidii. Mhusika hujitolea kwa zamu za ziada, hupenda kumpokea mwenzake katika chumba cha upasuaji ili akapumzike, hufika hospitalini siku asiyopangiwa, huvaa mikono mirefu wakati wa joto, na wagonjwa wake huamka wakilia kwa maumivu ingawa daftari linaonyesha wamepewa dawa ya kutosha. Dalili hii ya mwisho ndiyo inayopaswa kuwatia hofu wasimamizi, kwa maana mgonjwa ndiye aliyeibiwa. Fentanili, iliyotengenezwa na Paul Janssen wa Ubelgiji mwaka 1960, ina nguvu mara 50 hadi 100 kuliko mofini, hivyo masalio ya kichupa kimoja yaliyopaswa kumwagwa mbele ya shahidi yanatosha kumkidhi mtu, au kumuua. Mwaka 2013 mahakama moja ya New Hampshire nchini Marekani ilimfunga miaka 39 mhudumu wa kiufundi wa hospitali aliyekuwa akiiba sindano za fentanili, akijidunga na kuzirudisha zikiwa na maji ya chumvi. Wagonjwa zaidi ya 40 katika majimbo kadhaa waliambukizwa homa ya ini aina ya C aliyokuwa nayo. Kabati la DDA, kama wauguzi wengi wanavyoliita kabati la dawa zinazodhibitiwa, huwa na kufuli na daftari, lakini kufuli halimzuii mwenye ufunguo.

Marekani imejenga programu za majimbo zinazompokea daktari mraibu, zikamwondoa kazini kwa matibabu, kisha zikamrudisha kwa mkataba wa kupimwa mkojo bila taarifa kwa kawaida kwa miaka 5. Utafiti uliofuatilia madaktari 904 katika programu 16 uliona kwamba 78 kati ya kila 100 hawakukutwa na pombe wala dawa katika kipimo chochote kwa kipindi hicho. Matokeo hayo ni adimu katika tiba ya uraibu, na sehemu yake hutokana na ukweli kwamba daktari ana leseni ya kupoteza; lakini leseni hiyohiyo ndiyo inayomfanya anyamaze mahali ambapo kujisalimisha ni sawa na kufukuzwa.

Tanzania ilianza kutoa methadoni, dawa inayowasaidia waraibu wa afyuni kuepuka arosto, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na nyumba za soba, yaani makazi ya waraibu wanaoacha dawa, zipo bara na visiwani. Huduma hizi zimeokoa maisha ya wengi, lakini methadoni ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, kwenye foleni ambamo muuguzi aliyevaa sare angetambuliwa na aliyemhudumia wiki iliyopita, haimfikii mtaalamu anayejificha. Anahitaji mlango mwingine, wenye faragha, unaosimamiwa na watu wasio waajiri wake, na unaompa nafasi ya kurudi kazini, ikibidi katika idara isiyo na afyuni. Mwenzake anayemshuku hapaswi kumkabili peke yake na kumwacha aende nyumbani, kwa sababu saa na siku za kwanza baada ya siri kufichuka ndizo ambazo hatari ya kujiua huwa kubwa. Anayepokea taarifa apange kitanda cha matibabu na mtu wa kukaa naye kabla ya kumwita ofisini.