Paja Linalouma Kuliko Kidonda

Mtu kaungua mkono kwa jiko la mafuta ya taa. Kalazwa, na daktari kaamua kumpandikizia ngozi. Siku ya pili baada ya operesheni ndugu zake wanakwenda kumtazama. Mkono unaendeleaje? Anajibu: mkono afadhali, paja ndilo linaloniua. Wanatazamana. Paja lilikuwa zima, limeingiaje katika ugonjwa?

Limeingia kwa sababu ngozi ya kupandikiza haiuzwi dukani. Huchunwa mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi paja ndilo hutoa. Daktari hupara utando wa juu tu, mwembamba chini ya nusu milimita. Kumbe kidogo! Lakini udogo huo ndio balaa lenyewe. Moto uliozama huweza kuunguza hata mishipa ya fahamu, pakafa ganzi. Mparo mwembamba huiacha mishipa hiyo mizima, ncha zake wazi, kama goti la mtoto aliyejiburuza kwenye lami, ila hapa ni eneo la kiganja kizima au zaidi.

Kwa hiyo mgonjwa huyo hadeki, na wauguzi wasimwambie ajikaze. Daktari anaweza kuchoma sindano ya ganzi pale pale pajani mgonjwa angali usingizini, na saa za kwanza zikapita kwa nafuu. Kisha vidonge vya maumivu vimezwe kwa saa alizopanga daktari. Kungoja maumivu yapande ndipo muuguzi aitwe ni kuchelewa. Yakizidi, ipo hata mofini, na kuiomba si uhuni.

Bandeji nayo ina maneno. Ile inayotunza unyevu huuma kidogo kuliko kitambaa kikavu kinachogandamana na kidonda. Kama kipo kikavu tu, basi kisibanduliwe kila asubuhi kwa kisingizio cha usafi! Ngozi changa hung'oka nacho. Kwa kawaida huachwa siku 10 hadi 14, kikalegea chenyewe. Kikikataa, wauguzi hukilowesha kwanza.

Maumivu hupungua baada ya siku za mwanzo. Yakipanda tena, pakanuka, pakatoka usaha au homa ikaingia, daktari apatazame siku hiyo hiyo.

Na kabla ya kutia sahihi ile fomu ya operesheni, muulize daktari: mtachuna wapi, na mmepanga dawa gani ya hapo?