Je, Wajua? Jitu la Taka Lilianza na Gari la Farasi

Mwaka 1893, Harm Huizenga, mhamiaji kutoka Uholanzi, alianza kuzoa taka mjini Chicago, Marekani. Ujira wake ulikuwa dola 1.25 kwa kila gari la farasi.

Kazi hiyo ambayo wengi waliikwepa haikufa naye. Ilibaki mikononi mwa ukoo, na mwaka 1968 mjukuu wake Wayne aliungana na Dean Buntrock, aliyeoa katika ukoo huohuo, pamoja na Larry Beck, wakaanzisha kampuni ya kuzoa taka ya Waste Management. Kasi yao ilikuwa ya ajabu: kufikia 1972 walikuwa wamenunua kampuni 133!

Leo kampuni hiyo, inayojulikana kama WM, ni miongoni mwa warejelezaji wakubwa kabisa Amerika Kaskazini, wa karatasi, chupa na makopo.