Herufi Nne, Sauti Tatu

Wengi wanaojifunza Kiingereza hulalamika kwamba lugha hiyo haisomwi kama inavyoandikwa. Malalamiko hayo ni ya haki. Katika Kiswahili mtu akiisha kujua sauti za herufi, aweza kusoma neno lo lote hata kama hajapata kuliona. Katika Kiingereza sivyo. Leo tutatazama fungu moja tu la maneno, yaani yale yanayomalizika kwa herufi nne n, g, e, r. Maneno hayo huwatatiza hata watu waliosoma miaka mingi. Lakini mtu wa Ruring'u anayo njia rahisi ya kuyafahamu.

Msomaji na aanze kwa kutaja majina ya mahali pa jirani. Ruring'u, iliyo nje kidogo ya mji wa Nyeri, huandikwa kwa ng yenye alama ndogo iitwayo ritifaa. Vivyo hivyo King'ong'o na Murang'a. Sauti hiyo hupitia puani, kama katika neno ng'ombe. Kangema huandikwa bila alama, na ng yake ni nzito, kama katika nguo na ngoma. Kiganjo ina nj, kama katika njia. Basi sauti ni tatu, na sisi twaziandika kwa namna tatu. Waingereza nao wanazo sauti hizo zote. Lakini katika fungu hili la maneno huziandika zote kwa ng. Hiyo ndiyo asili ya taabu.

Aina ya kwanza ni maneno yaliyotokana na kitendo. Sing ni kuimba, na singer ni mwimbaji. Hang ni kutundika, na hanger ni kitu cha kutundikia nguo. Bring ni kuleta, na bringer ni mwenye kuleta. Ukiondoa er, kitendo chabaki kizima. Maneno haya husomwa kwa ng ya Ruring'u: sing'a, hang'a, bring'a.

Aina ya pili ni maneno ambayo ukiondoa er hubaki kipande kisicho na maana ile. Finger ni kidole, na fing si neno. Hunger ni njaa, anger ni hasira, linger ni kukawia. Haya husomwa kwa ng ya Kangema: finga, hanga, anga, linga. Pamoja nayo wamo watoro watatu walioacha kundi la kwanza: longer, yaani ndefu zaidi, stronger, yenye nguvu zaidi, na younger, mdogo zaidi kwa umri. Hayo yana mzizi ulio kamili, lakini husomwa kwa ng nzito. Yapasa kuyashika kwa moyo.

Aina ya tatu ni maneno ambayo mengi yao Waingereza waliyapokea kwa Wafaransa zamani: danger, hatari, stranger, mgeni, manger, hori la ng'ombe, ranger, askari wa msitu, messenger, mjumbe, passenger, abiria. Yote husomwa kwa nj ya Kiganjo. Hata ginger, yaani tangawizi, imo humo. Na ajabu ni kwamba maneno mawili kati ya hayo hayakuwa na n hapo kwanza. Mfaransa hata leo huandika messager na passager. N iliongezwa na vinywa vya Waingereza wenyewe.

Pengine msomaji atauliza kwa nini mambo yakawa hivyo. Zamani Waingereza walitamka g katika maneno yote ya aina mbili za kwanza. Kisha, kati ya miaka ya 1500 na 1600, watu wa London wakaanza kuiacha g iliyokuja mwisho wa neno. Sing ikawa sing', na singer ikaifuata. Finger haikuguswa, kwa kuwa g yake i katikati ya neno. Huko Birmingham na Manchester wako watu ambao hata leo hutamka g katika singer. Mazungumzo yalibadilika, maandishi yakabaki.

Faida ya kujua haya si ndogo. Katika vinywa vyetu vokali za hanger na hunger huwa moja, yaani a. Kinachotenga kitu cha kutundikia nguo na njaa ni ng peke yake. Mwanafunzi asiyeitenga hataeleweka, ingawa ameandika sawasawa.

Na liko jambo la karibu zaidi. Katika Kikuyu ngano ni nafaka, bali ng'ano ni hadithi. Alama ndogo ndiyo inayotenga unga na masimulizi. Hata hivyo twaona mara nyingi Ruringu, Muranga na Nganga zikiandikwa bila alama, kana kwamba ni pambo tu. Kijana ambaye cheti chake cha kuzaliwa chasema Ng'ang'a, na cheti chake cha shule chasema Nganga, anajua kwamba ni jina moja. Lakini kompyuta haijui. Yaweza kuyahesabu kuwa majina ya watu wawili, na kijana akasumbuka kueleza kwamba yeye ni yeye.

Basi wazazi na watazame vyeti vya watoto wao mapema, kabla ya siku ya kuvihitaji, na wamwombe karani aandike jina kwa ukamilifu wake katika kila karatasi. Waingereza wamewaachia wanafunzi kazi ya kukisia sauti tatu katika herufi zile zile. Sisi tuliandikiwa njia iliyo wazi. Haifai kuipoteza kwa uvivu wa kuweka alama moja.