Kilango Kinachofunga Sukari Ikipanda

Msomaji mmoja wa Tanga ameniletea swali nililolipenda mno: kongosho halina macho wala ulimi, limejuaje kwamba nimekula wali? Aina za kisukari na dalili zake naziacha kando, kwa kuwa zimebandikwa ukutani katika zahanati nyingi. Twende moja kwa moja kwenye seli.

Katika kongosho la mtu mzima mna vishada vya seli vipatavyo milioni moja. Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, alivieleza mwaka 1869 bila kujua kazi yake, na hadi leo vinaitwa visiwa vya Langerhans. Anayefanya kazi katika maabara ya kongosho huinamia hadubini saa nyingi akivinyonya kimoja kimoja kwa pipeti, baada ya kimeng'enya kulainisha nyama inayovizunguka. Kimeng'enya kikikaa muda mfupi, visiwa havibanduki. Kikizidisha, navyo husambaratika. Vikipatikana vizima huwekwa kwenye maji yenye sukari kidogo, kisha kwenye yenye sukari nyingi, halafu hupimwa insulini iliyotoka, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu. Na hutoka! Visiwa vimetengwa na mwili, havina neva wala damu inayopita, bado vinaijibu sukari. Basi jibu la msomaji wetu limo ndani ya seli yenyewe.

Insulini hutengenezwa na seli za beta. Kwenye utando wa seli hizo kuna protini zenye tundu katikati, nazo naziita vilango, kwa sababu hapa kufunga na kufungua ndiyo habari yote. Kilango tunachokitafuta hupitisha potasiamu, yenye chaji chanya. Mtu akiwa na njaa, vilango vingi viko wazi, potasiamu inatoka, na ndani ya seli panabaki na chaji hasi.

Fikiria tangi la maji juu ya paa. Bomba jembamba linaliingizia maji usiku na mchana, na chini kuna koki. Koki ikiwa wazi, yote yanayoingia yanatoka, tangi halijai. Sasa funga koki. Bomba la juu hujaligusa, hata ndoo moja hujaongeza, lakini maji yanapanda yenyewe mpaka yanyanyue boya lililounganishwa na swichi, na swichi inawaka. Maji hayo ni chaji chanya inayojipenyeza selini kidogo kidogo. Koki ni kilango cha potasiamu. Boya ni kilango kingine, cha kalsiamu, ambacho hakifunguki mpaka chaji ifike kiwango chake. Kikifunguka, kalsiamu inamiminika ndani, na vifuko vya insulini, ambavyo seli moja huweka akiba ya takriban 10,000, vinaungana na utando na kumwaga shehena yake nje. Havimwagi vyote, sehemu ndogo tu inatosha mlo mmoja.

Nani anafunga koki? Hapa ndipo ninapostaajabu kila ninapoparudia. Sukari ikiingia selini inachomwa ili itoe nishati, na nishati hiyo hufungwa katika molekuli iitwayo ATP, ambayo kila seli mwilini huitegemea. Katika seli ya beta, ATP hiyohiyo hunasa kwenye kilango cha potasiamu na kukifunga. Seli ya beta haionji sukari, inaila, na shibe yake ndiyo taarifa kwa mwili mzima.

Mwaka 1984 Frances Ashcroft na wenzake, huko Oxford, walionyesha kwamba sukari hufunga kilango hiki katika seli za panya. Walitumia mrija wa kioo wenye ncha nyembamba mno, uliobanwa kwenye utando hadi ukasikika umeme wa kilango kimoja, umeme unaohesabiwa kwa sehemu za trilioni za ampea. Mwaka huohuo Daniel Cook na Nicholas Hales wakaonyesha kwamba ATP yenyewe hukifunga.

Dawa ilikuwa imetangulia maarifa. Mwaka 1942, huko Montpellier, Marcel Janbon alikuwa akijaribu dawa ya homa ya matumbo, akaona sukari ya wagonjwa wake inashuka. Kutoka ukoo wa dawa hiyo ndiko ilikotoka glibenklamidi, kidonge ambacho wazee wengi wa Afrika Mashariki wanakijua. Kidonge hicho hukifunga kilango cha potasiamu bila kungoja ATP. Ndiyo maana ukikimeza usile, sukari inaweza kushuka vibaya: koki imefungwa na chakula hakipo.

Kisha ukaja mwaka 2004. Anna Gloyn, Andrew Hattersley na wenzao wa Exeter, Uingereza, waligundua kwamba baadhi ya watoto wanaopata kisukari katika miezi ya mwanzo ya maisha wamezaliwa na hitilafu katika jeni ya kilango hiki. Insulini wanayo. ATP inakuja, lakini koki haisikii, inabaki wazi, na boya halinyanyuki. Watoto hao walikuwa wakichomwa sindano za insulini kila siku, wakihesabiwa pamoja na wale ambao seli zao za beta zimeangamizwa. Mwaka 2006 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa 49 wenye hitilafu hiyo, kuanzia wachanga hadi watu wazima, waliopewa vidonge vya ukoo wa glibenklamidi. Kati yao, 44 waliacha insulini.

Kwa mwenye seli za beta zilizokufa, kidonge hiki hakina cha kufunga, na insulini ndiyo uhai wake.

Lakini mtoto akigundulika na kisukari kabla ya kufikisha miezi sita, mzazi, mwombe daktari apeleke damu yake ikapimwe jeni. Maabara ya Exeter hupokea sampuli za watoto hao kutoka nchi nyingi na kuzipima bila malipo. Sindano ziendelee mpaka majibu yarudi.