Je, Wajua? Farasi Wanaochimba Visima

Je, wajua kwamba farasi huchimba visima? Katika jangwa la Sonora, kusini-magharibi mwa Marekani, farasi na punda wa porini hufukua mchanga wa makorongo makavu kwa kwato za mbele mpaka wayapate maji. Shimo laweza kufika kina cha mita 2. Watafiti walitega kamera kwenye visima hivyo, na mwaka 2021 wakatangaza walichokiona: zaidi ya aina 50 za wanyama na ndege walifika hapo. Visima vilivyoachwa navyo viliotesha miche ya miti ya mtoni. Ni kazi kubwa mno kwa mnyama ambaye wengi humjua kwa mbio tu.

Farasi wa ranchi hachimbi, ila shida yake ni ileile ya maji. Farasi mmoja mkubwa hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na joto la Juni huko Arizona, linalopita nyuzi 40, huweza kuzidisha kiasi hicho maradufu. Kwa hiyo anayenunua shamba la farasi jangwani hutazama kisima kwanza, nyumba baadaye.

Hatari nyingine iko chini ya miguu. Farasi akilishwa nyasi kavu juu ya ardhi tupu, humeza mchanga pamoja na chakula, nao hutuama tumboni kidogokidogo hadi umletee msokoto wa tumbo unaoweza kumuua. Wafugaji wana kipimo chepesi. Huokota mavi mabichi ambayo hayajagusa ardhi, huyatia kwenye mfuko wa plastiki angavu wenye maji, huyavuruga, kisha huuning'iniza mfuko. Baada ya muda, mchanga kama upo utaonekana umejikusanya chini kama unga. Dawa bora ni kinga: nyasi huwekwa kwenye hori au juu ya mkeka wa mpira.

Je, wajua kuwa uzio unaweza kuchanua? Seng'enge humchana farasi vibaya anapokurupuka, na jangwani mbao ni adimu. Lakini upo mmea uitwao okotiyo, wenye fito ndefu zilizojaa miiba. Fito zake hukatwa, zikasimamishwa ardhini kwa safu na kufungwa kwa waya. Nyingi huota mizizi. Mvua ikinyesha hutoa majani, na majira ya kuchipua yakifika huvaa maua mekundu.

Mti wa kivuli huko ni meskwiti. Mizizi yake iliwahi kukutwa kwenye mgodi karibu na mji wa Tucson ikiwa zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Wasomaji wa Baringo na Garissa wanamjua ndugu yake: ni mathenge, mti wa jamii hiyohiyo ulioletwa Kenya na kugeuka mzigo kwa wafugaji.

Farasi mwenyewe ana safari ya ajabu. Asili yake ni Amerika Kaskazini, akatoweka huko takribani miaka 10,000 iliyopita, kisha akarudishwa na Wahispania; mwaka 1540 msafara wao ulioongozwa na Coronado ulipita Arizona na farasi. Karibu na Arivaca, Arizona, ukoo wa Wilbur-Cruce ulitunza farasi wa damu ya Kihispania kwa zaidi ya miaka 100, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Neno ranchi nalo lina asili ya Kihispania. Na mjini Tucson, mashindano ya wapanda farasi yaliyoanza mwaka 1925 yanaheshimiwa hata shule hufungwa.

La mwisho, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba, wafugaji wa Arizona hutazama mawingu wakingoja mvua za radi zinazojaza makorongo. Mvua hizo huziita monsuni. Neno hilo walilichukua Wareno kutoka Kiarabu, mawsim, walipokuwa wakisafiri katika bahari yetu ya Hindi. Kiswahili nacho kililichukua hukohuko. Ndilo neno letu msimu.