Mfadhili, Mdhamini na Mwanachama

Klabu ndogo za kandanda katika Kaunti ya Taita Taveta hazifi kwa kukosa vipaji. Hufa kwa kukosa nauli. Timu hushindwa kufika ugenini, wapinzani hutunukiwa alama za bwerere, na baada ya mechi mbili tatu za namna hiyo vijana hutawanyika, kila mmoja na hamsini zake.

Ramani yenyewe yaeleza sababu. Mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya kaunti, na miji imeachana mno. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100. Mombasa nayo i umbali wa kilomita 150 hivi. Viwanja vingi vya mashinani havina ua, kwa hivyo hata kiingilio ni vigumu kutoza. Ilhali marefa wana haki ya posho yao, majeruhi hawana budi kutibiwa, na jezi huchakaa.

Tufanye hesabu ya kukisia. Watu 22, yaani wachezaji, kocha na wasaidizi wake, wakilipiwa shilingi 800 kila mmoja kwenda na kurudi, safari moja yagharimu shilingi 17,600. Safari kumi kwa msimu ni shilingi 176,000, kabla ya kununua hata maji ya kunywa.

Fedha hizo zitoke wapi? Jibu la kawaida ni "sponsa". Hapa naomba niingie kidogo katika taaluma yangu, kwa maana neno hilo lachanganya watu wawili ambao Kiswahili kimewatenganisha. Mfadhili atokana na fadhila: hutoa apendapo na huondoka apendapo. Mdhamini atokana na dhamana: amefungwa na ahadi. Aghalabu klabu za mashinani huangukia kwa mfadhili, mwanasiasa agawaye jezi na mipira uchaguzi ukikaribia. Kura zikishahesabiwa, simu yake haipatikani.

Hata mdhamini si mwamba. Mwaka 2019, SportPesa ilipokatiza udhamini wake nchini, Gor Mahia na AFC Leopards, vigogo wa kandanda yetu, waliachwa mkono mtupu. Ikiwa vigogo waliyumba, sembuse klabu ya Voi? Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Liko neno la tatu, nalo ni mwanachama. Mwaka 2002, mashabiki wa Wimbledon nchini Uingereza walipoona klabu yao imeruhusiwa kuhamia Milton Keynes, waliunda yao wenyewe, AFC Wimbledon. Walianzia ligi za chini na kufikia 2011 walikuwa wamepanda hadi ligi za kulipwa. Kipato chetu si sawa na chao, lakini kanuni ni ile ile: mwenye mali haihami mali yake.

Turudi kwenye hesabu yetu. Wanachama 300 wakitoa shilingi 50 kila mwezi, kwa mwaka hupatikana shilingi 180,000. Nauli imelipwa na chenji imebaki. Voi ina walimu, waendeshaji bodaboda, wafanyakazi wa reli na wa hoteli, na wachuuzi wa sokoni. Kizuizi si shilingi 50, bali ni imani. Watu wetu wamechanga katika harambee nyingi wasionyeshwe matumizi.

Kwa hivyo, kabla ya kutafuta mshambuliaji, klabu itafute daftari. Mapato na matumizi yabandikwe hadharani kila mwezi, na anayeshika fedha asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi. Isajiliwe pia kwa Msajili wa Michezo, kama itakavyo Sheria ya Michezo ya 2013. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Klabu yenye hesabu safi itabisha hodi huko kama mwenye haki, wala si kama mwombaji.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Mwalimu wa hisabati aweza kuwa mweka hazina, na wanafunzi wa somo la biashara wakalikagua daftari. Watajifunza uhasibu ambao makosa yake yana uchungu, kwani shilingi ikipotea, kijana wanayemjua ataikosa safari ya Taveta.